Karavani ya Baba Haikuvuja Juu

Jumanne. Ukungu mpaka saa nne, halafu jua la uongo, halafu mvua ya saa nane kama kawaida yetu. Mimi niko sawa. Nasema niko sawa kwa sababu sisikii kitu chochote.

Kwa wageni wa hii blogu: mimi ndiye fundi hatari kuliko wote kati ya Litein na Chepilat, na shule niliiacha Form Two kabla haijaniharibu. Wenye diploma wakiona wivu wapange foleni. Na nyinyi mnaosoma kwa bando ya kuomba, karibuni pia.

Wiki hii niko ndani ya karavani ya Baba, ile nyumba ya magurudumu ambayo wazungu huvuta nyuma ya gari wakienda kutembea. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba kubwa la chai. Meneja mmoja alipohama aliiacha uani, Baba akaiomba, akaivuta na trekta hadi nyumbani. Alitaka Mama auzie chai na chapati ndani yake pale Kapkatet, karibu na hospitali. Tangu siku hiyo haijasonga hata hatua moja.

Baba tulimzika miezi miwili iliyopita. Watu walilia. Mimi nilipanga viti.

Sasa Mama amemwita mtu wa vyuma vikuukuu aje Alhamisi aikatekate. Anasema paa linavuja na halisikii dawa. Ni kweli Baba alipanda huko juu kila msimu wa mvua, miaka mitatu, na silikoni na lami, akitafuta tundu. Alikuwa akishuka anasema, "Leo nimelipata." Na ukuta chini unazidi kulowa.

Nilimwomba Mama anipe siku mbili nifungue niangalie. Nikamwita Ombati, fundi wa mabati, Mkisii wa kule Chepilat, mzee mwenye maneno mengi kuliko vyombo.

Jana tulibandua plaiwudi ya ndani, upande wa kulia. Mbao za fremu ziliingia kidole kama mkate uliochovywa kwenye chai. Bati la alumini nyuma yake limeota unga mweupe, limejaa vitundu, ukiweka jicho unaona shamba la jirani. Nikatoa misumari nipigilie kiraka cha mabati ya nyumba. Ombati akanishika mkono.

"Kijana, chuma na alumini havilali kitanda kimoja. Unyevu ukiingia katikati, alumini inaliwa. Hapa ni bati la alumini na riveti za alumini."

"Nilikuwa nakujaribu tu, mzee."

"Unanijaribu na nyundo juu?"

Akapanda kwenye paa, akamwaga ndoo tatu za maji. Ndani hakuna tone. Akashuka, akaukagua ukuta. Uozo umeanzia chini, umepanda hadi usawa wa kiti kirefu cha sanduku kilichojengewa ukutani, ukaishia hapo, umenyooka kama umepimwa na rula.

"Ndani ya hiki kiti mlikuwa mnaweka nini?"

Nikasema sijui.

Najua.

Ni mbolea ya chai. Magunia manne. Tunaichukua kituoni, pale tunapopimia majani, kila mtu anabeba yake. Stoo yetu iko juu kilimani, na kila mwaka Baba alinituma niipeleke huko. Mimi, dume la kijiji, nilikuwa nasukuma magunia ndani ya kile kiti, narudisha godoro juu, naenda Litein kuangalia mpira. Mvua ikianza tunaweka mbolea shambani, kiti kinabaki tupu. Ndipo Baba anaona ukuta umelowa, anachukua ngazi.

Mbolea inavuta maji kwa hewa, inatoa jasho lenye chumvi, na hiyo chumvi inatafuna alumini taratibu, hadi mvua inapitia kwenye vitundu vya ukuta. Hapa kila mkulima anajua huwezi kuiegemeza kwa bati. Hata mimi nilijua.

Kwa hivyo nikinyamaza, Alhamisi mtu wa vyuma anakuja na shoka, na hakuna atakayejua. Nikisema, karavani inapona, lakini Mama atajua kwa nini Baba alikuwa juu ya lile paa miaka mitatu.

Nililala vizuri, hiyo ndiyo inanishangaza.

Asubuhi nilimkuta Mama shambani akichuma chai. Nikaingia mstari wa pili, nikaanza kuchuma pia, ndio nisimwangalie. Nikasema yote. Mikono yake haikusimama.

"Ulisema umepeleka stoo."

"Nilisema."

"Na yeye akikuuliza, pia ulisema."

"Ndiyo, Mama."

Alichuma hadi mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mwingine.

"Mpigie mtu wa vyuma asije. Na Ombati asiguse hata riveti moja. Akufundishe kwa mdomo. Huo ukuta ni wako, weri."

Weri ni kijana mdogo, kwa Kipsigis. Hakuwa ameniita hivyo tangu nianze kunyoa ndevu.

Nilisimama pale nikingoja nisikie kitu. Aibu, au hata machozi, kitu cha kunifaa. Nilisikia tu vidole vyake vikivunja majani.

Mtu wa vyuma nimempigia. Alinitusi, akakata.

Kesho naanza na pembe ya chini, pale pameoza zaidi.