"Very" za Mama

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo huko ugenini? Huku wazima, mimi na cherehani yangu. Nimeanza darasa la Kiingereza la jioni, maana umeniletea mkwe asiyejua Kiswahili na sitaki kukaa naye kama bubu siku ya harusi. Mwalimu ametufundisha "very", neno la kutilia mkazo, nami limenikolea. Nisahihishe: My house is very good. My eyes are very good. The neighbour's cat is very dead.

Gauni lako la kushindia nimelituma, la harusi bado nalishona.

Mama yako

29 Machi

Shikamoo mama,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, napiga pasi mashuka ya hoteli mpaka ndoto zangu zimenyooka. Paka wa jirani amenichekesha hadi wenzangu wakauliza nina nini. Mama, aliyekufa amekufa, hakuna kufa sana. Na "very" ni kama wanga kwenye kola: ukitia kidogo inasimama, ukimimina inakuwa ubao. Itie pale tu unapomaanisha kweli.

Gauni limenikaa vizuri. Ila pindo limekwenda upogo, na wewe hujawahi kushona upogo. Macho yako yakoje?

Kitindamimba wako

17 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Niwie radhi kwa kimya, kazi zilinibana. Lile pindo ni makosa ya cherehani, imezeeka kama mwenyewe, usijitie wasiwasi. Mafunzo yako nimeyashika: My house is good. My eyes are good. I miss you very much.

Mama yako

2 Agosti

Shikamoo mama,

U mzima kweli? Barua yako nimeisoma mara mbili hapa chumba cha pasi. Herufi zimekuwa kubwa kama za bango. Na ile "very" uliyompa hata paka, safari hii umeyanyima macho yako, ukanipa mimi peke yangu. Nimeelewa.

Nilikwenda kuomba likizo. Msimamizi akauliza mama anaumwa kiasi gani. Nikamjibu, "Very." Akatia saini. Nafika mwisho wa mwezi, twende pamoja kwa daktari wa macho. Usinifiche tena, mama. Unaogopa?

Kitindamimba wako

15 Agosti

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Anayeandika ni jirani, yule wa marehemu paka, mimi nasema tu. Ni kweli. Tundu la sindano silioni tena, napapasa pindo kwa vidole. Sikutaka uache kazi kwa ajili yangu. Barua ile ya Julai nilitaka kuandika macho ni "very good" kama mwanzo, mkono ukakataa, maana uliniambia nisilitie neno lile nisipomaanisha. Gauni lako la harusi halijapata mikono. Ukija utanitungia uzi, tulimalize.

Umeuliza kama naogopa. Hapo nimempokonya jirani kalamu niandike mwenyewe. Mstari ukipanda mlima, nisamehe.

I am afraid, but not very. You are coming.

Mama yako