Ukuta wa Kijani wa Kitengela

Kitengela, 11 Mei 2025

Resian, takwenya. Baridi ya Boston inakuachaje? Hapa tuko wazima, ila Yeyo, mama yako, analalamikia goti.

Fundi Kiema amesema leo kwamba ukuta wa ploti umekwisha, na kesho anapaka rangi. Kijani, kama ule wa uwanja wa besiboli unaoufagia huko. Nilipomwonyesha picha uliyonitumia, aliniuliza, "Mzee, huu ni wa kufungia ng'ombe ama wafungwa?" Nikamwambia wazungu hupanda ndege kwenda kuuona. Akarudia simiti yake.

Ukuta umeziba kile kijia cha kwenda mtoni. Lesiamon, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja, alikuja kuuliza ng'ombe zake zitapita wapi. Nilimjibu mbele ya mafundi, "Zipite lami kama watu. Hati ya shamba iko na jina langu." Mafundi walicheka.

Papa


Boston, 25 Mei 2025

Nainamisha kichwa, Papa, unisalimie. Mimi mzima. Mwambie Yeyo akande goti kwa maji moto.

Nilimuuliza Melvin, anayetembeza wageni pale uwanjani kwetu, Fenway, kwa nini ukuta ule uko juu hivyo. Alisema si kwa sifa. Nyuma yake kuna barabara, na uwanja ulibanwa nayo. Upande ule uwanja ni mfupi, mpira ukipigwa kidogo tu unatoka nje. Kwa hivyo waliinua ukuta, barabara wakaiacha. Wenyewe wanauita Zimwi la Kijani. Ile barabara naipita kila siku nikienda kazini.

Papa, si kijia hicho ulichokiziba ndicho Lesiamon alipitishia ng'ombe zetu wakati wa ukame, ukiwa umelazwa hospitalini? Jana wageni walikuwa wanapiga picha chini ya ukuta, nikashindwa kuutazama.

Mtoto wako, Resian


Boston, 13 Julai 2025

Papa, nainamisha kichwa. Natumaini ni uzima, kwa sababu hujajibu. Nikipiga simu, Yeyo anasema umetoka, halafu ananiuliza habari ya mvua ya huku.

Jana Nick, mtoto wa Lesiamon, aliniandikia kwamba ng'ombe wao wawili wamegongwa na lori kwenye lami ya Namanga. Hakuongeza neno. Nilianza kumjibu, nikafuta. Nitamwambia nini, Papa?

Mtoto wako, Resian


Kitengela, 3 Agosti 2025

Resian, takwenya. Mwili ni mzima. Yeyo sasa anatembea mpaka kanisani.

Nick amesema kweli. Mmoja wa wale ng'ombe alikuwa na mimba. Wiki iliyofuata Lesiamon alikuja akasimama nje ya geti. Huyo ni mtu ambaye tangu tukiwa vijana huingia kwangu bila hodi na kujimiminia chai. Nikamwambia, "Ingia, chai iko." Akasema, "Nimekunywa." Alikuja kuniaga tu, anahamishia mifugo Kajiado kwa shemeji yake. Hakunitukana. Angenitukana, ningepata cha kumjibu.

Juzi wenzetu wa rika waliniita. Nilibeba hati ya shamba. Hakuna aliyetaka kuiona. Samuel, anayetusemea, aliniuliza jambo moja: "Lesiamon alikukosea nini?" Nilisema hakunikosea. Akaniambia, "Basi kaa chini." Nilikaa, na hakuna aliyenisemesha tena mpaka kikao kikaisha.

Barua yako ya Mei niliisoma siku ilipofika, nikaiweka. Rangi ilikuwa bado mpya.

Usimjibu Nick kwa niaba yangu. Jumamosi tarehe 9 tunabomoa ukuta upande wa mtoni, upana wa kundi zima kupita. Jumatatu tarehe 11 naenda Kajiado na mitamba miwili. Nimetuma habari mara mbili kwamba nakuja, na Lesiamon hajasema kama atanipokea. Natoka hapa saa kumi na mbili asubuhi.

Papa