Mama za Panya Hawakupanda Ngazi

Szeged, Juni

Mdogo wangu Boglárka,

Keki yako ya mbegu za mpopi imefika. Nimeila yote peke yangu, usinicheke. Vipi mwanao Zente, anakaa sasa bila kuegemea?

Hapa maabara tunahesabu seli za ubongo wa panya wachanga, wengine wamezaliwa bila protini ileile aliyoikosa Zente mwilini tangu kuzaliwa. Namba za vioo vyenye sampuli za kutazama kwa darubini hufunikwa kwa karatasi, tusijue yupi mgonjwa, yupi mzima. Juzi uvumilivu ulinishinda, nikazibandua karatasi kabla ya kumaliza kuhesabu. Csongor, mwenzangu, akanifokea: "Wewe unamtafuta mtoto wa mdogo wako humo! Anza upya!"

Nikaanza upya. Jibu ni lilelile: bila protini hiyo, seli haioti kinywele chake cha kupokea habari, basi haijui ikue vipi.

Mama mkwe wako bado anailaumu ile ngazi uliyopanda kuchuma cheri ukiwa mjamzito? Mwambie kasoro hii hurithiwa kwa wazazi wote wawili, wewe na mwanawe. Na mama za panya wangu, Bogi, hawajawahi kupanda ngazi yoyote.

Nibusie Zente.

Dada yako,
Piroska