Spika za Mbao na Ubeti wa Tatu

Jumapili, 1 Juni

Duka la pembejeo nimefungua saa mbili kama kawaida. Wakulima wa tangawizi wameshuka kutoka mlimani, wote wanataka dawa moja, na ndiyo iliyokwisha. Upepo wa Same umejaza vumbi mpaka kwenye mizani. Jioni Mbonea, katibu wa kwaya, kaleta flashi. Nyimbo zetu zimerudi kutoka studio Moshi. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya, basi mimi ndiye wa kusema zitoke au zirudiwe. Wanasubiri neno langu.

Nimezipiga kwenye sabufa. Besi nasikia, tena inatikisa vikombe. Ubeti wa tatu wa wimbo wa mwisho anaimba mke wangu, Mama Elia, peke yake, sauti ya kwanza, juu kabisa. Sikusikia kitu. Kinanda tu. Sabufa gani hii? Takataka. Imetengenezwa kwa ajili ya baa. Natafuta spika za kueleweka.

Jumanne, 3 Juni

Kwa Shabani, karibu na stendi. Ndiye muuza vifaa vya muziki ninayemwamini, hamsukumi mtu anunue. Ana jozi mbili za spika ndogo za kuweka juu ya kabati. Moja nyeusi, inang'aa, mdomo wazi kama chura. Nyingine ni mpya lakini imeundwa kizamani: boksi la mbao, kitambaa cha kahawia mbele, vitufe vya rangi ya shaba. Nilipoziona hizo moyo uliruka. Redio ya baba kule Vudee ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nasikia kila kitu ndani yake, hata mtangazaji akimeza mate.

Shabani akabadilisha waya. Hizi, halafu zile, halafu hizi tena. "Unapata tofauti, mzee wangu?" Nikasema kubwa sana. Uongo mtupu. Sikupata tofauti yoyote. Nimerudi dukani.

Jumatano, 4 Juni

Ni kelele za barabarani. Malori ya jasi kutoka Makanya, mabasi, upepo. Nani anaweza kuchagua spika mahali pale? Shabani kakubali nizijaribu nyumbani, jozi zote mbili. Naanza na za mbao.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeziweka juu ya kabati la vyombo. Mama Elia kafurahi, kazipamba papo hapo, anasema sebule imekuwa sebule. Nimekaa. Nimesogeza kiti. Nimesogeza spika mbali na ukuta, karibu na ukuta. Ubeti wa tatu ni ukungu mtupu.

Mama Elia alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akauliza, nimetokaje? Nikasema vizuri. Akaningoja niendelee, maana mimi huwa naendelea. Kwenye sauti za watu nina mdomo, kwaya nzima inajua. Nikasogeza spika tena. Akarudi jikoni.

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Jumamosi, 7 Juni

Sabato. Kwaya imeimba. Katikati ya wimbo Mbonea alikunja uso, akanitazama. Na wale wa sauti ya pili wakanitazama. Kuna mtu alitoka nje ya sauti. Nani, wapi, sijui. Mikono yangu iliendelea kupunga tu kama ya mtu anayefukuza nzi.

Baada ya ibada Mbonea kaniuliza, nyimbo vipi? Nikamwambia nasubiri spika zizoee nyumba. Spika zizoee nyumba! Mtu mzima, tena mlangoni mwa kanisa.

Jumapili, 8 Juni

Nimeunganisha zile nyeusi. Hali ni ileile.

Jumatatu, 9 Juni

Shabani kaja mwenyewe kuona spika zake zinaendeleaje. Kuingia sebuleni tu, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Spika zilikuwa zimefunikwa. Vitambaa vya kufuma vya Mama Elia, vizito, vyenye maua, vimeshuka mbele mpaka chini.

Hapa lazima nijitetee. Kwetu kila kitu kinavaa. Televisheni, jokofu, chupa ya chai, migongo ya makochi. Kitu kipya kikiingia kinavalishwa siku hiyohiyo, la sivyo wageni watasema mwanamke wa nyumba hii kalala. Tangu nizaliwe sijaona redio ikikaa uchi. Siku zote hizi nimevitazama vitambaa vile na sikuviona.

"Mzee umewaziba midomo halafu unawaambia waimbe!" Hata Mama Elia alicheka. Na mimi, jamani, sijui lini mara ya mwisho nimefurahi namna ile. Kumbe ni vitambaa! Hofu yote ile, kumbe ni nyuzi tu. Nusura nimkumbatie Shabani.

Akavitoa. Akapiga ubeti wa tatu. Mama Elia akaweka mkono kifuani: "Mungu wangu, ndiyo mimi huyo?" Shabani akatikisa kichwa, akasema mama una sauti. Wote wawili walibadilika sura. Mimi nilikuwa nimeinama mbele kwenye kiti, nasubiri ifike. Haikufika. Kinanda, ukungu, kinanda.

Nikasema safi sana. Nikacheka nao.

Jumatano, 11 Juni

Moshi, hospitali. Mama Elia nimemwambia nafuata mzigo wa mbegu. Walinivalisha spika za masikioni, wakanipa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Milio ya kwanza nilibonyeza vizuri kabisa, hata nikajisifu moyoni. Halafu kukawa kimya. Nikajua wanatengeneza mashine, nikatulia kama mwanafunzi mwema. Nesi akaja kunivua. Nikamwuliza mbona hamjaendelea.

Akasema tumeshamaliza, baba.

Sauti za juu zimekwenda, masikio yote mawili. Hazirudi. Kuna kifaa cha kuvaa, kitasaidia kwenye maongezi. Nikauliza je, muziki? Daktari akaanza kuandika. Njia nzima mpaka Same nilitazama milima. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Alhamisi, 12 Juni

Duka. Mteja kaomba mbegu za nyanya, nimempa za kabichi. Karudisha kwa adabu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia Mama Elia. Kabla jua halijazama, maana sikutaka kuingia Sabato na uongo mdomoni. Nilidhani atalia. Akakasirika. Akasema, kwa hiyo siku zote hizi nimekuwa naimbia ukuta? Akatoka kwenda kuanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa chache, lakini alikaa huko mpaka mbu wakaanza.

Ana haki. Sina la kufanya hata moja: siwezi kujifunza tena, siwezi kufanya mazoezi, siwezi kuomba radhi kwa masikio. Mbonea kanitumia ujumbe. Nyimbo vipi, mwalimu? Nimeuacha hapohapo.

Jumamosi, 14 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo. Mama Elia aliondoka mapema. Nimekaa sebuleni na jozi mbili za spika, sikuwasha hata moja. Nyumba ilikuwa baridi, ukungu umeshuka leo mpaka nusu ya mlima. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Jumapili, 15 Juni

Jioni, baada ya makande. Mama Elia kakaa kwenye kiti changu, kanituma nibadilishe waya. Hizi, halafu zile. Rudia. Alikuwa amefumba macho. Kachagua za mbao. Anasema nyeusi zinamkata masikio, za mbao zinamweka mbali kidogo, kama anavyojisikia kanisani. Nyeusi nimezirudisha kwenye boksi, kesho nampelekea Shabani.

Kisha akapiga ubeti wa tatu. Akaja kusimama mbele yangu, akainua mkono. Mkono ukapanda taratibu, ukafuata sauti yake ilivyokwenda. Ukakaa juu muda mrefu. Ukatetemeka kidogo, ukatulia. Kwenye neno la mwisho ukateleza kabla ya wakati, naye akausimamisha palepale ulipoangukia, akanitazama.

Nikamwambia hapo umeshuka. Urudie.

"Ndiyo, mwalimu," akasema. Akaenda kuuanza upya.