Somo la Umri wa Dunia Uliloliacha Katikati

Mpendwa Baba Cherono,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo, kwa sababu siku hizi kiti hakinikubali. Nikikaa nahisi kuna kitu nimesahau kufanya. Nikiinuka kukitafuta, sikioni. Tangu tulipokuzika kwenu Fort Ternan nimehamisha kitanda cha Cherono mara nyingi, nimefua mapazia yaliyokuwa safi, nimeng'oa sukuma wiki ambazo zilikuwa bado zinatupa mboga. Juzi mtoto alinishika mkono akaniambia, "Mama, keti basi." Nikaketi mpaka alipogeuka.

Barua yenyewe siifungi. Anayetaka kuisoma na aisome, maana mengi ya haya yalitokea mbele ya darasa zima.

Unakumbuka ile jioni uliyonifuata jikoni na maswali yako? Nilikuwa nachemsha viazi. Ulikuwa unajiandaa kuwafundisha Kidato cha Tatu, katika Jiografia, namna historia ya dunia inavyogawanywa, na ulilalamika kwamba ukiyataja yale majina kwa Kiingereza, watoto wanayanakili tu kama majina ya dawa. Ulitaka maneno ya Kiswahili ya kuwafafanulia. Nami kwa kuwa ndimi mwalimu wa Kiswahili, nikaona hilo ni swali rahisi. Sehemu kubwa kabisa tukaiita eoni, kwa kukosa jina lingine. Eoni tukaigawa katika enzi, enzi tukazigawa katika vipindi. Nilikucheka uliposema "kibindi", ukanijibu kwamba na sisi watu wa ng'ambo ya mpaka wa Chepilat tuna matamshi yetu, ukaniiga ninavyoongea hadi Cherono akalala chini kwa kicheko. Tulipofika kugawa kipindi ndipo tukakosana. Ulitaka zama. Nikasema zama na enzi ni ndugu, huwezi kumweka mmoja ndani ya mwingine.

"Hata ndugu kuna mkubwa na mdogo," ukasema.

Maji yalikauka, viazi vikashika sufuria, tukavila hivyo hivyo vikinuka moshi. Neno lako zama likapita.

Kesho yake uliwatoa watoto nje. Ulikuwa umepaka mawe chokaa na kuyapanga kando ya ile barabara ya murram inayoshuka kutoka geti la shule, katikati ya mashamba ya chai, mpaka mtoni. Getini dunia inazaliwa, zaidi ya miaka bilioni nne na nusu iliyopita. Mtoni ni leo. Niliwaona kupitia dirisha la darasa langu, sweta zao za kijani zikiteremka pole pole, wewe mbele umeshika koti begani. Waliniambia baadaye kwamba walitembea na kutembea bila kukutana na chochote isipokuwa vijidudu vya majini visivyoonekana kwa macho. Walipokuuliza wanyama wako wapi, uliwajibu watembee tu. Samaki waliwapata karibu na bonde. Dinosauri waliwakuta kwenye banda la kununulia majani ya chai, mto ukiwa tayari unasikika. Hapo, mwishoni mwa kipindi cha Kretasia, kengele ikalia. Ukawaambia dinosauri wanaishia hapo, pamoja na viumbe wengine wengi.

"Kesho tutaona nani alibaki," ukasema.

Hiyo kesho ukaamka na homa. Tulidhani ni baridi, maana ilikuwa imenyesha mvua ya mawe. Hospitalini wakasema ni mapafu. Ulilazwa Kericho, na kabla ya wiki kuisha nilirudi nyumbani na koti lako peke yake.

Prinsipo wa shule alinipa darasa lako hadi mwalimu mwingine apatikane. Alinishauri niiruke ile sehemu iliyobaki, watoto wajisomee, mtihani uko karibu. Nilimjibu kwamba nitaimaliza mwenyewe. Lakini sikuimaliza. Nilirudia samaki. Nilirudia dinosauri. Niliwapa jaribio, nikalisahihisha, nikawapa lingine. Niliwarudisha mpaka getini tukaanza upya. Kila tulipofika bandani nilitazama saa na kusema tutaendelea. Wakati wa chakula cha mchana, walimu wenzangu wakila, mimi nilikuwa nateremka peke yangu mpaka kwenye lile banda, nagusa nguzo, napanda tena. Karani anayepima majani aliniona mara nyingi mpaka akaniuliza kama nina malalamiko ya kilo zangu.

Nilijua nilichokuwa nafanya, Baba Cherono. Kwingine kote ulikuwa umekwisha. Jina lako lilikuwa limefutwa kwenye ratiba ya walimu kule stafurumu. Nguo zako ndugu zako walishazichukua. Lakini kwa hilo somo ulikuwa bado uko katikati, umewaahidi watoto kitu, nao wanakungoja. Niliona nikilimaliza nitakuwa nimekumaliza.

Aliyenikomesha ni Chelangat, yule msichana mrefu anayekaa nyuma, ambaye ulisema hanyooshi mkono mpaka awe na uhakika. Alinifuata nje ya darasa baada ya kipindi. Nilidhani wamemtuma aje kulalamika kwamba tunarudia, na kweli walikuwa wamemtuma. Alianza kwa heshima, akazungukazunguka, akataja mtihani, akataja darasa lile lingine lililo mbele yetu. Kisha akayaacha hayo yote.

"Madam," akasema, "hata sisi tunamkumbuka Mwalimu. Lakini tunataka kujua nani alibaki."

Nilienda nyuma ya maabara, nikalia nikitembea, maana hata kulia nimeshindwa kulia nikiwa mahali pamoja.

Kesho yake nikawatoa. Hatukuanzia getini, tulienda moja kwa moja mpaka bandani. Akina mama waliokuwa wakisubiri lori walitusogezea vikapu tupite. Nikawaambia walioachwa ni wadogo: vijinyama vya manyoya vilivyokuwa vikijificha, na ndege, ambao ni ukoo wa dinosauri wenyewe. Nikawaambia enzi mpya ilianza hapo, enzi ya Senozoiki, na kwamba hao wadogo walipata nafasi wakakua, wakaenea. Sauti yangu ilikuwa sawa. Tukashuka hatua chache, nyasi zikaanza kufunika nchi. Tukafika zama za Miosini, na hapo nikasema kwamba mifupa ya wanyama wa zama hizo, swala na jamaa wa sokwe, imechimbwa hapa hapa kwetu, Fort Ternan.

Nikalitamka hilo jina nikakwama. Sikuwa nimeliona likija. Niliangalia chai, nikaangalia viatu vyangu. Chelangat alifungua kitabu, akaendelea kusoma pale nilipoachia, kwa sauti ya kawaida kabisa, mpaka nikaweza kumpokea.

Kutoka hapo mto ulikuwa karibu. Nikawaeleza kwamba binadamu wote, tangu wa kwanza mpaka sisi, tunatoshea kwenye hatua ya mwisho, na kwamba Holosini, zama zetu hizi, ni upana wa kidole tu pale matope yanapokutana na maji. Basi kila mmoja akataka kusimama hapo. Walisukumana, wakashikana sweta, mmoja akatumbukiza mguu mtoni akatoka na kiatu kimejaa maji. Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, mkono kiunoni, mpaka nikakumbuka mimi ni nani sasa na nikageuka kuona kama wale mama wa bandani wamenisikia. Walikuwa wamenisikia. Mmoja alinipungia mkono.

Nilidhani siku hiyo nitarudi nyumbani nikae. Sikukaa. Nilifagia uwanja uliokuwa umefagiliwa. Sijui hali hii itaniacha lini, na sitakudanganya kwamba imeniacha.

Ila jana prinsipo aliniita, akaniambia mwalimu wa Jiografia amepatikana, ataripoti muhula ujao, kwa hiyo nipumzike. Nikamwomba aniachie Kidato cha Tatu mpaka watakapomaliza shule. Huyo mgeni achukue madarasa mengine. Akakubali.

Mada inayofuata ni jangwa. Hiyo mimi na wewe hatukuwahi kuizungumzia hata siku moja. Hatukuwahi kuona jangwa. Huku kwetu nguo hukaa kwenye kamba siku mbili zikiwa mbichi. Hujaniachia mawe wala neno la kuanzia. Jumatatu asubuhi nitaingia darasani na kuwaambia watoto wafungue ukurasa mpya, na nitakachosema kitakuwa changu.

Lala salama huko kwenu. Cherono anakusalimu, na anataka ujue meno yake ya mbele yameota.

Mkeo,
Mama Cherono