Wanaume wa Ghalani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kuna mtu anasikiliza ghala langu. Ushahidi sina. Ila leo asubuhi nimekuta tofali mbili zimepangwa chini ya kidirisha cha nyuma, kile cha upande wa bombani. Tofali hazitembei. Nimezitupa kichakani.

Kivinje bwana! Mwezi wa nane huu niko hapa na bado naulizwa: wewe Mmakonde, kazi yako hasa nini? Nikisema nachora, wanasema mbona unashona. Nikisema nashona, mbona unarekodi watu. Nikisema yote hayo ni kazi moja wananyamaza, na kimya cha watu wa hapa nakijua — ni cha kwenda kusimulia.

Niiandike hapa, maana hapa hanisomi mtu. Chumba kimoja cheusi, kaniki kutoka darini hadi sakafuni. Unavua viatu, unakaa mkekani, huoni hata mkono wako. Ukutani kuna michoro ya mkaa lakini haitazamwi, inapapaswa. Unatoka na masizi vidoleni. Halafu sauti. Wanawake saba wa hapahapa, mmoja mmoja, wanasema walichofundishwa unyagoni kuhusu mwili, na ambacho hawakufundishwa, wakakijua wenyewe. Hamu yao. Hofu yao. Hakuna jina. Nimewaapia kwa kaburi la baba: hatawatambua mtu, hata mume anayelala nao kitanda kimoja.

Nafungua Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Sina mfadhili, sina bosi, hakuna wa kuniambia punguza hapa. Na hakuna wa kunitetea vilevile.

Jumanne, 5 Agosti

Yassin fundi umeme kaja kufunga spika ya nne. Kauliza, dada, mbona kiza hivi, humu kuna ishu gani? Nikamwambia mambo ya wanawake. Kacheka. Sikupenda alivyocheka.

Halafu nikakumbuka ana ufunguo wa akiba — nilimpa mwenyewe, mjinga mimi. Nimemdai. Kautoa palepale bila kuuliza. Mtu asiye na neno angeuliza kwa nini. Nimebadili kufuli jioni.

Jumatano, 6 Agosti

Batuli kaja kuchukua dera lake, cherehani yake mwenyewe mbovu. Batuli ni sauti ya nne, na ndiye rafiki niliye naye mji huu. Mumewe Abdulatifu ndiye mjumbe wetu, mfanyabiashara wa pweza, mtu wa heshima zake. Hajui kama mkewe amerekodi. Akijua, sijui.

Batuli hakukaa. Kasema mumewe kaja nyumbani na habari: wanaume wa ghalani.

Wanaume gani?

Wa kwako, kasema. Watu wamewasikia. Eti wanakutana kwangu mlango umefungwa, wanazungumza mambo ya kitandani, wao kwa wao, mwanamume anamweleza mwanamume mwenzake anavyopenda kushikwa.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Neno kama hilo mtaani haliji mikono mitupu, linakuja na fimbo. Na mwanamume pekee aliyeingia humu ni Yassin na ngazi yake.

Nikamkazia macho Batuli. Nani kaanzisha? Wanaojua sauti za humu zinasema nini ni wale saba, Bi Samia kungwi wao na mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Kasema, usinitazame hivyo Apo, mimi ndiye wa mwisho kutaka mtu asogelee chumba hicho. Kaondoka na dera lake bila kulijaribu.

Sikulala vizuri. Nimewapitisha wote saba kichwani. Bi Halima wa vitumbua anaongea sana. Yule mzaliwa wa Mitole ana shemeji mgambo. Kila mmoja anayo sababu nikimtafutia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nusu ya mtaa iko Lindi, viwanja vya Ngongo, wanatazama ng'ombe wa watu. Kimya. Nikaona ndiyo nafasi ya kujaribu spika zote nne pamoja. Nikawasha, nikafunga mlango, nikachukua ndoo nikazunguka bombani kama mchota maji.

Wanaume!

Nimewasikia kwa masikio yangu. Mmoja mzito, wa polepole, anaeleza anavyopenda kuguswa mgongoni. Mwingine anacheka cheko la kooni, anasema mwenzake ana haraka mno. Nimetaka kukimbia — kabla sijakumbuka kwamba yule mzito ni mama wa watoto watano na yule anayecheka ni Bi Halima.

Ni mimi. Ni mikono yangu. Ili wasijulikane nilizishusha sauti zao kwenye kompyuta. Nikashusha, nikaona bado anajulikana huyu. Nikashusha tena. Kwenye hedifoni zilibaki za kike, nzito tu, kama za mtu mwenye mafua. Lakini ukuta ule wa mawe na chokaa unameza sauti nyembamba na kuitoa nje ile nene. Nje ni wanaume watupu. Tena wanaume wanaotamka maneno ya unyagoni, ambayo mwanamume hapaswi hata kuyasikia. Kwa hilo peke yake ningefukuzwa mji.

Hakuna msaliti. Kuna wanawake wanaochota maji, na mtu mmoja aliyesimama juu ya tofali mbili.

Nimempigia Yassin nimwombe radhi. Hapokei. Ana haki.

Jumapili, 10 Agosti

Kigangoni, wakati wa kutakiana amani, watu watatu hawakunipa mkono. Nimewahesabu.

Nimerudi nikamkuta mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Khamisi, kasimama mlangoni na Abdulatifu. Shikamoo mzee. Marahaba, binti yangu. Hakuketi. Nikawaeleza yote: ni wanawake, ni kompyuta, ni ukuta. Mzee akawa anatikisa kichwa kama anayeelewa. Abdulatifu hakutikisa.

Kasema, dada Apolonia, kama ni wanawake basi tusikie wanawake. Zile sauti zenyewe, kabla hujazichezea. Mtaa utulie.

Nikasema niliapa. Kasema, kiapo hakizidi usalama wa mtaa. Kama huna cha kuficha.

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Mtu huyu anaomba kumsikia mkewe na hajui.

Masharti: Jumanne saa nne. Wasikilizaji watatu — mwenyekiti, mjumbe, na Bi Samia kungwi, kwa sababu mambo ya unyago hayakaguliwi bila mwanamke. Nikikataa, kompyuta inakwenda kituo cha polisi kule Masoko, na huko zitasikilizwa na kila mwenye zamu.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi kwa Bi Samia. Ndiye aliyewacheza unyago karibu wote saba, na ndiye aliyenikutanisha nao. Walipositasita mwezi wa tatu aliwaambia, mficha uchi hazai, semeni. Bila yeye nisingepata hata neno.

Leo hakunikaribisha ndani. Kasema, "Mimi nilikwambia uwaweke kizani. Kiza kingewatosha. Wewe hukukiamini, ukaenda kuwavalisha sauti za watu."

Kweli tupu. Siamini kitu mimi. Hata pale nilikuwa najiuliza kwa nini kakubali kuwa msikilizaji — kuwalinda wale wanawake au kujisafisha yeye. Nadhani alinisoma usoni. Kasema, "Nenda kafikiri. Mimi kesho nitakuwepo, na nitasikia nitakachosikia."

Narudi, Batuli yuko kizingitini kwangu. Futa yangu, kasema. Nikamwambia nikifuta yako zinabaki sita, na mumeo kaambiwa ni saba. Na hao sita je? Akakaa chini. Kasema kwa sauti ndogo, "Apo, mimi mle nilisema vitu ambavyo hata mume mwenyewe sijamwambia."

Hapo ndipo nilipojua la kufanya.

Nimefunga mlango, nimeweka magodoro mawili kidirishani, nimekaa na hedifoni. Nasikiliza sentensi moja ya mtu, nasimamisha, naisema mimi na kujirekodi. Saba zote. Nimeondoa watoto, vijiji, vitumbua. Mengine nimeyaacha yalivyo. Kuna mahali nilijaribu kurahisisha na nikashindwa, maneno yao yalikuwa mazuri kuliko yangu. Hadi alasiri koo limekauka. Nikazishusha zile za kwangu nikasikiliza — wanaume walewale. Hata mwenyekiti ataamini.

Kisha nikafuta za asili. Na za kwenye simu. Na flashi nimeiponda kwa mchi.

Nimelia, sitajidanganya. Miezi mitano ya kukaa na watu hadi waniamini, na pumzi zao zote zilikuwa mle. Yule wa Mitole alikuwa na namna ya kunyamaza kabla ya neno zito, sitaipata tena popote. Kesho nitasema Jumapili nilidanganya, hakuna wanawake saba, na mtaa utajua kwamba mambo yote saba ni ya mwili wa Apolonia, mwanamke asiye na mume. Sawa. Mimi ndiye niliyejenga chumba.

Jumanne, 12 Agosti, saa nne na nusu asubuhi

Naandika wakiwa humuhumu. Mwenyekiti kaniomba niandike muhtasari wa kikao, maana mwandiko wake si mzuri. Kwa hiyo kalamu inatembea na hakuna anayeshangaa. Wao wako mkekani ndani, kaniki imeinuliwa kidogo ili wasikae wanaume na kungwi gizani. Mimi niko mlangoni na kompyuta, juu ya kiti changu cha cherehani.

Sauti ya kwanza: mwenyekiti anatazama miguu yake. Nimewaonyesha nikiishusha inavyogeuka mwanamume. Kasema subhanallah, kumbe. Ya pili: kasema basi, yatosha, tumeridhika, ni dada huyu peke yake. Nilikuwa nimeshafika salama. Bi Samia anajua ninachofanya, ameng'ata upindo wa kanga yake.

Abdulatifu ndiye aliyesema hapana, tumalizie zote, isije ikasemwa tuliacha.

Ya tatu. Imepita.

Ya nne:

"Kabla hajanigusa huvua saa yake akailaza juu ya cherehani. Nikisikia kile chuma kikigusa chuma, mwili wangu unatangulia, unamfikia kabla yeye hajanifikia. Hajui. Siku hizi haivui. Anakuja nayo mkononi, na mimi nalala nikihesabu sekunde zake."

Sikuigusa sentensi ile. Niliweza kusema pete, niliweza kusema kofia. Niliiacha kwa sababu niliipenda — upumbavu mtupu wa msanii! Kila siku nawashuku watu, na sikujishuku mwenyewe.

Abdulatifu kafunika kifundo cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Saa iko chini ya vidole.

"Rudisha hapo," kasema.

Nimerudisha.

"Tena."

Nimerudisha tena. Mwenyekiti kaona. Kautazama mkono wa mjumbe. Kisha kaitazama cherehani yangu, hii hapa pembeni ya goti langu. Kisha mimi. Namwona akijumlisha, taratibu, kama mzee anavyopanda ngazi. Sauti ni ya Apolonia. Cherehani ni ya Apolonia. Saa ni ya mjumbe.

Nikikanusha nimemtaja Batuli. Yuko nje pale bombani na wanawake wengine, ndoo yake haijajaa bado, anatazama huku.

Na Abdulatifu anajua. Cherehani iliyoko chumbani kwake anaijua, na mwenye nayo. Uso wake si wa hasira, hasira ningeitambua. Macho yamelowa. Anaweza kusema neno moja akatoka humu msafi, na neno hilo ni jina la mkewe. Akikaa kimya, ni mzinzi wa ghalani, na mimi pamoja naye.

Mwenyekiti kakohoa. "Mjumbe, huyu dada anamsema nani?"

Bi Samia kasema, "Khamisi, acha." Hakuacha. Kanigeukia, kasema hili liandikwe, jibu la mjumbe liandikwe kama litakavyotoka kinywani mwake, nisiongeze nisipunguze.

Abdulatifu katoa mkono juu ya saa. Ananitazama mimi, si mwenyekiti.

Naandika: Mjumbe amejibu kwamba anayesemwa ni yeye.