Kabla Hujasikia kwa Watu wa Basi

Mama, shikamoo.

Mguu unaendeleaje? Mpunga umeshachanua? Mimi hapa Mpanda nipo, ila si mzima sana. Ningepiga simu, lakini simu ya hapo nyumbani mnaisikiliza wote, na haya naona aibu hata kuyaandika.

Jumanne nilikuwa kazini kama kawaida, kondakta wa basi la Tabora. Tulipoipita Inyonga mkojo ukanibana ghafla. Nikamwomba dereva asimame. Akacheka: "Kondakta naye anachimba dawa? Si tumesimama sasa hivi?" Kabla sijajibu ukanitoka, mama, nimesimama katikati ya abiria, nimevaa suruali ya kaki. Mtu akasema nimelewa. Na mama Kalisti, jirani yetu, alikuwepo. Aliangalia dirishani mpaka tunafika. Akirudi Majimoto utasikia.

Sikulewa. Bibi mmoja wa Katumba alifungua kitenge chake cha juu akanipa. "Jifunge, mwanangu. Nilipozaa wa kwanza na mimi nilikuwa hivihivi." Nikajifunga.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Unakumbuka lile jiwe lililokwama chini ya figo. Walipolitoa waliniachia mpira mwembamba ndani, kutoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, ili uvimbe usizibe njia. Daktari ni binti mdogo. Nilimweleza nikiangalia sakafu. Akasema ile njia ina misuli, inajibana na kuachia, inasukuma mkojo chini kama koo linavyosukuma tonge. Mpira ukikaa ndani, misuli inahangaika, inabana ovyo, halafu inalegea, mkojo unashuka wenyewe tu. Ncha ya chini nayo inakigusagusa kibofu, ndiyo maana nabanwa vile. Hata nikikojoa, mkojo mwingine unapanda juu, na ubavu unachoma.

"Tukiutoa, misuli itarudia kazi yake," akasema.

Unatolewa Jumatano ijayo. Nesi anataka niende na ndugu. Nilimwambia sina, maana sikutaka kaka anione nimevaa pedi za mkojo kama mtoto. Nimefikiria sana. Naomba uje wewe, mama. Nitakupokea stendi.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe zake, shangazi, na shemeji mke wa kaka. Kaka mwambie ni mambo ya jiwe, inatosha.

Na kama utaona aibu kukaa na mimi pale wodini, nitaelewa. Mimi mwenyewe bado ninayo.

Mwanao,
Deusi